Mazulia Matatu

Rehema mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kuagana na Mwalimu Kamala, na najua hutarudi kabla ya magharibi, kwa sababu yule mama hajui kuagana na mtu bila kumlisha mara tatu. Nina mchana mzima. Vyombo nimeosha, masanduku yako nimeyapima mara mbili kwa ile mizani ya bafuni, na mazulia yote matatu ya sebuleni nimeyakunja na kuyasimamisha kando ya mlango. Ukiingia utashangaa kuona sakafu iko wazi. Usiniulize kwanza. Soma.

Mambo ya maji ya kuchemsha, ya dawa za malaria na ya pasipoti kukaa kifuani nimeshayasema mpaka nimejichosha mwenyewe, sitayarudia. Na barua hii naiandika kwa Kiswahili ingawa najua usomaji wako wa Kiswahili unachechemea. Isome kwa sauti, taratibu, utanisikia. Kwa nini sikuiandika kwa Kiingereza, hilo utaliona mbele.

Jumamosi iliyopita ulikuwa umepiga magoti hapa unapanga sari zako za mazoezi ya ngoma kwa safari ya Chennai. Ukaniambia huku unacheka, "Baba, unajua nini kinanifurahisha zaidi? Nyumba ya Guru iko chini kabisa. Hakuna mtu anaishi chini yangu." Nikasema alhamdulillahi, nikaingia jikoni, nikafungua bomba la maji wakati sina hata kikombe cha kuosha. Maneno yale yalinichoma. Wewe hukuwa na ubaya wowote, ulikuwa unafurahia safari yako. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta pa kuanzia, na kesho unaondoka.

Kwanza nikiri jambo ambalo huenda likakuchekesha. Mimi sikukupeleka kwenye ngoma ya Kihindi kwa kupenda sanaa. Nilikuwa natafuta mahali pa kukuacha. Mama yako alikuwa ametutoka yapata mwaka mmoja na nusu, wewe una miaka minane, na kile kiwanda cha mikate kule Rexdale kikanihamishia zamu ya jioni. Kutoka hapa Flemingdon Park mpaka kule unajua mwenyewe: basi, treni, basi jingine, ukikosa moja umekwisha. Tharani, rafiki yako wa ghorofa ya tisa, alikuwa akienda kila Jumanne na Alhamisi kwa mwalimu wa Kitamil aliyefundisha kwenye ukumbi mdogo wa jengo la pili. Nikapiga hesabu: siku hizo saa mbili nzima atakuwa kwa mwalimu, muda mwingine wote atakuwa kwa bibi yake Tharani mpaka nirudi. Watu wanasema ngoma ile ina miaka elfu na zaidi, na wewe umeingia kwa sababu baba yako alikuwa na shida ya zamu.

Mwalimu Kamala alinitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Unataka ajifunze," akaniuliza, "au unataka akae mahali?"

Nikaona haya. Nikasema nataka ajifunze.

"Vizuri. Basi kwanza atakaa."

Na ukakaa kweli. Wiki sita wenzako wanakanyaga sakafu, wewe uko ukutani umekunja miguu, kazi yako ni kuhesabu kwa kupiga makofi. Nilikuwa na hakika utachoka na nitaanza kutafuta mahali pengine. Asubuhi moja nikakukuta jikoni unakoroga chai, midomo inakwenda, tai-ya-tai, tai-ya-tai, na kijiko kinagonga kikombe. Chai ilikuwa imemwagika nusu nzima na wewe huna habari.

Siku uliyoruhusiwa kusimama niliona jambo lililonitia wasiwasi. Kabla ya kuanza mliinama wote, mkagusa sakafu kwa vidole, mkavipeleka machoni. Pembeni palikuwa na sanamu ndogo ina maua. Mimi mtoto wa Chumbageni, Tanga, niliyesomeshwa Kurani kwa bakora, nikasema moyoni leo ndiyo mwisho, mtoto namtoa. Nikamngoja Mwalimu mlangoni nikiwa nimeshapanga maneno ya heshima. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Tutaipiga ardhi kwa miguu saa nzima. Tunaiomba radhi kabla, na tunaiomba tena baada. Wewe ukimkanyaga mtu kwenye basi husemi samahani?" Kuhusu sanamu akasema utaomba kwa namna ya kwenu, au usiombe kabisa, hiyo ni shauri yako, lakini ardhi utaigusa. Nikakuacha darasani. Njia nzima ya kwenda kazini niliwaza kwamba katika umri wangu wote nimewaomba radhi watu wengi, wengine bila kosa, ila ardhi sijawahi.

Miaka mitatu baadaye akakupa njuga. Hakutaka nikununulie dukani, alisema njuga hazinunuliwi na baba. Aliziweka kwenye sinia, akakuita jina mbele ya wenzako, akapiga goti mwenyewe akakufunga, hamsini mguu huu na hamsini mguu huu. Ulikataa kuzivua. Ukaiacha lifti makusudi ukapanda ngazi ghorofa kumi na moja, kutoka chini mpaka juu, mimi nyuma yako nahema na begi lako la shule, na watu wanafungua milango kuchungulia kuna nini. Kwenye ghorofa ya saba nilitaka kukaa chini kama mbuzi aliyegoma. Wewe ukanicheka.

Unakumbuka nyumba yetu ilivyokuwa? Tangu mama yako aondoke nilikuwa nikiingia tu nawasha redio, nisikie mtu anaongea, hata akiwa anataja barabara zenye msongamano. Njuga zako zilipoingia, redio nikaiacha. Ulikuwa ukifanya mazoezi asubuhi kabla ya shule na mimi nimelala chumba cha pili nimechoka na zamu. Haikuwahi kunisumbua. Nililala vizuri kuliko wakati wowote, kwa sababu kila nikizinduka kidogo nilisikia kwamba upo.

Basi ilikuwaje njuga zikanyamaza?

Ilikuwa Jumapili. Mzee Shaaban na mkewe Bi Zainabu walikuja kutujulia hali. Huyo Mzee ndiye aliyenipatia kazi kiwandani, ndiye aliyesimamia mazishi ya mama yako, mtu ambaye nikimwona hata leo nakaa vizuri kwenye kiti. Nimepika pilau, tumekaa tunakula, wewe uko chumbani. Ukaanza mazoezi. Bi Zainabu akasimamisha kijiko njiani.

"Shemeji, humu ndani kuna harusi ya Wahindi?"

Mumewe akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama. "Bwana Hamisi, marehemu angekuwepo, hili angelikubali?"

Mimi nikacheka pia. Nikasema, "Aa, mambo ya shule tu hayo, Mzee. Wanalazimishwa." Shule! Nilikukana mezani, mdomo umejaa pilau, na wewe uko hatua sita kutoka pale.

Walipoondoka nilikuja mpaka mlangoni kwako nikitaka kukuambia ukweli, kwamba nimeona aibu mbele za watu. Ulikuwa umekaa chini unapangusa njuga moja moja kwa kipande cha kanga ya mama yako. Nikashindwa. Nikakuambia kwamba yule mama wa chini, Bi Dolores, amekuja kulalamika juu ya kelele, na kwamba meneja wa jengo akisikia anaweza kututoa. Nilikuambia kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nisingeweza, maana ndicho nilichokubembelezea tangu uko mgongoni. Ukasema, "Sorry, Baba." Ukazivua.

Hakulalamika, Rehema. Bi Dolores hakuwahi kulalamika hata siku moja. Ndilo neno lenyewe nililokaa kuliandika, na ona nimelizungushia kurasa ngapi.

Jumamosi iliyofuata nikaleta zulia la kwanza, la mitumba. Nikaona bado unasikika, nikaleta la pili. La tatu, lile la kijani, nililiokota chini kwenye vitu vya watu waliohama, nikalisugua kwa sabuni siku nzima. Ukawa unafanya mazoezi bila njuga juu ya mazulia matatu, na nyayo zako hazitoi hata sauti ya paka. Nilikuwa nikipita na kikombe changu nakusifu: "Hivyo hivyo mwanangu, polepole." Neno polepole nimekuambia mara ngapi katika miaka ile? Sijui, na silipendi tena.

Nilidhani uongo utakaa pale nilipouweka. Kumbe ukaanza kutembea ndani ya nyumba. Ukawa unamwogopa yule mama. Tukimkuta kwenye lifti, Bi Dolores na koti lake la zambarau na mfuko wake wa mboga, ulikuwa unatazama viatu vyako. Anakusalimia, unaitikia kwa sauti ya ndani. Alikuwa Mfilipino, mjane, watoto wake wako Alberta, na mle ndani hakuna anayemgongea mlango isipokuwa mtu wa posta. Siku moja wewe uko shule, tukabaki mimi na yeye kwenye lifti.

"Mtoto anaumwa?" akaniuliza.

"Hapana, mama, mzima."

"Mbona miguu imenyamaza? Nilikuwa nakunywa chai na ile miguu. Ikianza tu, naweka birika." Kisha akauliza kama kuna siku alikukosea, kwa sababu anaona humpendi.

Pale pale ningeweza kusema. Ningeweza kupanda juu nikakunja mazulia, kazi ikaisha siku hiyo. Nikamwambia una masomo mengi siku hizi. Lifti ilipofika ghorofa ya kumi nikamshikia mlango apite, na nakumbuka nilijiona mtu mwenye adabu.

Wazee wa kwetu husema la kuvunda halina ubani. Lakini mtu akiwa na la kuvunda ndani haachi kutafuta ubani, na mimi yangu yalikuwa mazulia.

Ulipokuwa na miaka kumi na minne Mwalimu akaniita. Tharani na wenzake wawili walikuwa wanaandaliwa kupanda jukwaani peke yao kwa mara ya kwanza, ile siku yenu kubwa mnayoiita arangetram, na nilikwenda nikijua naitwa kuambiwa na wewe umo. Akaniketisha. Akachukua kijiti chake na kile kibao cha kugongea mapigo, akagonga, ukacheza. Mimi niliona uzuri mtupu. Mikono, macho, shingo. Akasimamisha.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nikasema sijasikia kitu.

"Ndiyo. Na mimi sijasikia kitu." Akakugeukia. "Nani amekufundisha kuomba radhi ukiwa unacheza? Radhi tunaiomba kabla, na tunaiomba baada. Katikati unacheza."

Akakuuliza nyumbani unafanyia wapi mazoezi. Ukamweleza habari za mazulia, na za jirani wa chini. Tena ukamtetea. Ukasema ni mtu mzima, anaishi peke yake, ana haki ya kupumzika. Mwalimu akainua macho akanitazama, na mimi nikatazama kibao. Nadhani alijua tangu siku hiyo, lakini yeye si mtu wa kumvua mtu nguo mbele ya mwanawe.

Ukaahirishwa. Tharani akapanda jukwaani mwaka ule. Wewe ndiye uliyembana maua nyweleni, wewe ndiye uliyempigia makofi kuliko wote, na tulipofika nyumbani ukajifungia bafuni. Nilikaa nje ya mlango na bakuli la tambi za sukari mpaka zikapoa. Ulikuwa unalia ndani ukisema labda miguu yako imeumbwa vibaya. Mimi nilikuwa na ukweli wote mkononi, nimekaa nao kizingitini pamoja na tambi, na sikufungua kinywa.

Ndipo tukagundua chumba cha kufulia. Kule chini kabisa kwenye jengo, sakafu ya saruji, na chini yake udongo. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla kina mama hawajashuka na makapu yao ya nguo, tulikuwa tunashuka mimi na wewe. Nilikuwa nakaa juu ya ile mashine mbovu, na mwiko na kibao cha kukatia vitunguu, nagonga kama Mwalimu alivyonielekeza. Nikikosea unasimama, mikono kiunoni. "Baba, focus!" Miaka mitatu. Nyayo zako zilivimba, zikapasuka, zikaota sugu. Nilikukanda kwa maji ya chumvi kila siku kabla sijakwenda kazini. Watu wa jengo walikuwa wakitukuta pale wananisifu, wanasema baba kama huyu hatujamwona. Na mimi nilikuwa nazipokea sifa, nasema asante. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakurudishia kidogo kidogo kitu nilichokupokonya kwa siku moja.

Hata hivyo sitaki kuiponda miaka ile. Kule chini, na harufu ya sabuni na joto la mashine, theluji imefunika kidirisha, wewe unakanyaga mimi nagonga, ndiyo miaka yangu mizuri kuliko yote katika nchi hii. Nakuambia hivyo ingawa najua imetokana na nini.

Ulipofika kumi na saba, siku yako ikafika. Wiki moja kabla ulikaa mezani unaandika bahasha za mialiko, ukaandika na ya Bi Dolores. Ukaniomba niipitishe chini ya mlango wake kwa sababu wewe unaona haya. Nilishuka nayo. Kwenye ngazi nikaifungua. Ulikuwa umemwandikia kwa mkono wako: Samahani kwa kelele zote za utoto wangu. Nimejitahidi kuzipunguza. Ukipenda, njoo uone zilikuwa za nini.

Ningeipitisha, angekuja. Na angekuja, angekushika mkono akuulize, kelele gani? Nikapanda nayo tena. Nikaitia kwenye droo yangu chini ya soksi.

Siku ile ulicheza saa mbili na nusu. Ulipokanyaga mara ya kwanza nilihisi kwenye kiti changu, na Mwalimu Kamala, kijiti mkononi, machozi yalimlengalenga, akaendelea kugonga. Mzee Shaaban alikuwepo. Nilimwalika nikijua atanisema. Mwisho wa onyesho akanishika bega, "Bwana Hamisi, mtoto ana nidhamu huyu," akaenda mezani akala sambusa tano. Basi. Mtu niliyekufichia miguu kwa ajili yake miaka sita, hata hakumbuki kama aliwahi kusema neno.

Wewe kila ukimaliza wimbo ulikuwa unatazama kiti kimoja cha safu ya tatu ulichokibandika jina la Bi Dolores. Tukiwa kwenye gari la rafiki yetu, maua bado kichwani, ukaniuliza, "Hakuja?" Nikasema, "Ndivyo watu wa hapa walivyo." Hivyo nikamsingizia mara ya pili, na safari hii nikawaongeza watu wa nchi nzima.

Msimu wa baridi wa mwaka juzi watoto wa Bi Dolores walikuja wakamhamishia kwenye nyumba ya wazee. Siku ya kuondoka alipanda ngazi moja, akagonga. Wewe ulikuwa chuoni. Alikuwa na kopo la bluu la biskuti. "La mchezaji," akasema, akanikabidhi, akashuka akishika ukuta. Nikakuambia wametugawia kazini. Biskuti ukazila, kopo ukalifanya la pini na sindano za nguo zako za jukwaani, na juzi nimekuona unalifunga utepe usije ukamwagikiwa njiani. Liko kwenye sanduku la kushoto. Usilitoe, liende nawe Chennai. Nilitaka tu ujue limetoka kwa nani.

Miaka miwili si mingi, wanasema. Unakwenda kukaa nyumbani kwa huyo Guru, mwalimu wa mwalimu wako, mzee ambaye Mwalimu Kamala hamtaji ila amesimama, na sikuombi ubaki. Ungeniuliza nichague, ningekufungia masanduku tena. Lakini leo ulipotoka nilikaa hapa sebuleni nikasikiliza. Friji inanguruma. Lifti inapita. Juu yetu kuna mtu alikokota kiti, nikajikuta namngoja akikokote tena, nimeshika kikombe, chai inapoa. Ndipo nilipomwelewa Bi Dolores. Miaka yote ile alikuwa amekaa vivi hivi na birika lake, anaingoja miguu iliyokuwa hapo hapo juu ya kichwa chake, na mimi nimeifunika.

Naogopa, Rehema. Nakuogopea wewe kidogo na nafsi yangu zaidi. Naogopa Jumapili, naogopa jikoni pa mtu mmoja, naogopa kurudi kwenye redio. Zamani nisingekuambia, ningetafuta jirani wa kumsingizia. Kama siku ile ya pilau ningekuja mlangoni kwako nikasema "mwanangu, naona aibu," ungekasirika wiki moja, na wiki ingepita.

Huko uendako nako utaona aibu. Watakuuliza binti wa Kiswahili, Mwislamu, kutoka nchi ya theluji, anatafuta nini kwao. Siku nyingine utajiuliza mwenyewe. Sitakuambia ufanye nini siku hiyo, wewe una akili kuliko mimi. Nimekuambia nilivyofanya mimi. Kukunja mazulia matatu leo kumenichukua dakika kumi, na nimengoja miaka tisa.

Kwetu mtoto akisafiri ndiye anayemwendea mzazi kuomba radhi. Yangu unayo, nilikupa zamani na haina sharti. Safari hii mzazi ndiye anayeomba. Usinijibu haraka kwa kunionea huruma eti nimezeeka. Nijibu utakapoweza, hata kama ni kutoka huko, hata kama ni mwakani.

Njuga zako nimezitoa kwenye begi la mkononi nikaziweka juu ya barua hii. Nimezitoa kwa sababu Alhamisi nilikwenda kumwona Bi Dolores.

Yuko Don Mills Road, basi moja tu kutoka hapa. Miaka miwili alikuwa basi moja tu. Amepungua, koti la zambarau limetundikwa nyuma ya mlango. Nilikaa ukingoni mwa kiti, kofia mapajani, nikamwambia yote kama nilivyokuambia wewe, na ilibidi nipaze sauti, hata muuguzi akachungulia. Kisha nikampa kadi yako. Akaisoma muda mrefu. "Miaka yote nilidhani mtoto hanipendi," akasema, akageukia dirishani. Alikuwa analia, nikammiminia maji. Hakusema amenisamehe, na sikumuuliza.

Ndege yako kesho ni saa tatu usiku, kwa hiyo asubuhi yote ni yako. Wageni wanaruhusiwa kuanzia saa nne. Ukitaka twende pamoja, nitakaa kwenye benchi la nje. Ukitaka kwenda peke yako, anwani iko nyuma ya karatasi hii. Na kama hutaki kuniona mpaka wakati wa kwenda uwanja wa ndege, nitaelewa, nitakuwa jikoni na chai itakuwepo.

Nilipokuwa natoka alinishika mkono wa shati. Akauliza kama bado unacheza. Nikamwambia ndiyo, na unakwenda mbali. Akachukua mkongojo wake akagonga sakafu, mara moja, akiipima.

"Hii ni saruji," akasema. "Lakini masikio yangu yamekwisha. Mwambie akanyage kwa nguvu."

Baba yako,
Hamisi